Barazani kwa Bi Nesi: bunduki ya joto, kijana wa chumba cha juu na paka wa Langoni

Nimefanya uuguzi miaka 31, hapa Lamu mjini na visiwani. Tangu nistaafu, kila baada ya alasiri nakaa barazani kwangu na watu hunijia na karatasi zao za maabara. Mhariri aliniomba niwajibu na wasomaji walio mbali. Mwezi huu nimechukua barua nne. Moja iliandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na hiyo nimeiweka mwisho kwa sababu imenigusa zaidi. Majina nimeyaficha yote.

*

Assalaam aleikum Bi Nesi. Chuoni kwetu, madrasa ya watoto, tuna kile kipimajoto cha bunduki kilichobaki tangu wakati wa korona. Asubuhi watoto wazima wanasoma 35.2. Mchana wakitoka skuli, nusu yao wanasoma 38 na wote wanakimbizana. Tena mzazi mmoja ametukataza kumwelekezea mwanawe, ati mionzi inaingia kwenye ubongo. Tukitupe?
Mwalimu wa chuo, Matondoni

Waaleikum salaam, Mwalimu. Msikitupe. Na mzazi huyo mwambieni kwa upole kwamba hakuna mionzi inayotoka mle kumwingia mtoto. Mtoto ndiye anayetoa, chombo kinapokea. Kila kitu chenye joto hutoa miale tusiyoiona kwa macho. Pita uchochoroni baada ya magharibi siku ya jua kali: ukuta wa matumbawe unakupulizia joto shavuni na hata hujaugusa. Miale hiyo ndiyo kinayoipokea kifaa kidogo kilicho ndani ya bunduki yenu. Aliyeigundua ni William Herschel, mwanafalaki wa Uingereza, mwaka 1800. Aliupasua mwanga wa jua rangi rangi kwa kipande cha kioo, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi, na kimoja akakiweka pembeni kupita nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote. Kile cha gizani ndicho kilichopanda zaidi. Ikiwa chombo chenu kina nukta nyekundu, hiyo ni ya kulengea tu, msiielekeze machoni.

Basi kwa nini kinawadanganya? Hakidanganyi. Mnakiuliza habari za damu, nacho kinajibu habari za ngozi ya paji la uso. Mtoto aliyetoka kutawadha ana maji usoni, maji yanakauka na kuchukua joto, ngozi inapoa. Hapo mtapata 35 bila shida. Aliyetembea juani kutoka skuli ngozi yake imechomwa, mtapata 38 naye ni mzima wa afya. Aliyevaa kofia hadi kwenye nyusi paji lake limefunikwa, nalo litasoma vingine. Waketisheni kivulini kama robo saa, wavue kofia, wajifute jasho na maji, ndipo mpime kwa umbali ulioandikwa kwenye chombo chenyewe. Chombo nacho kikae chumba kile kile kabla ya kutumika, msikitoe kwenye kabati la bati lililopigwa na jua mkakitumia papo hapo. Angalieni pia kitufe: vingi vina hali mbili, ya mwili na ya vitu. Kikiwa kwenye ya vitu, kitasoma ngozi kama kinavyosoma meza.

Kikionyesha homa, hakikisheni kwa kipimajoto cha kwapani, kile kinacholia kikimaliza. Kwapa likauke, mkono ubanwe, asubiriwe mpaka kilie. Kuanzia 37.5 kwapani hiyo ni homa, na huku kwetu homa ya mtoto inataka kipimo cha malaria siku hiyo hiyo.

Msikitegemee kiganja, Mwalimu. Nawaambia kwa sababu nililipia. Ilikuwa usiku wa upepo wa kuzi, mwaka wangu wa nne kazini, kwenye zahanati ya kisiwani. Mama alikuja na mtoto wa miaka miwili amefungwa kanga mgongoni, akasema mwili una moto tangu adhuhuri. Kipimajoto kimoja tulichokuwa nacho kilikuwa wodini. Nikamgusa shingoni, nikaona yu sawa, nikamwambia mama ampe maji na arudi asubuhi. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na homa. Kiganja kina moto kitajuaje moto? Kiganja hupima tofauti tu, kati ya wewe na unayemgusa. Saa nane za usiku mama alirudi mbio, mtoto yumo kwenye degedege, kwapani 40.1. Alipona, alhamdulillahi, na leo ni nahodha wa mashua. Lakini mpaka nastaafu sikumrudisha nyumbani mtoto bila kumpima.

Hiyo 37 tunayoisema sote ilitoka kwa Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1868 alitoa kitabu chenye vipimo vya wagonjwa kama 25,000, kwapa kwa kwapa, katika zama ambazo kipimajoto kilikuwa na urefu wa futi na kikihitaji dakika 20. Siku hizi watu hawana joto lile tena. Watafiti wa Stanford mwaka 2020 walilinganisha rekodi za Marekani za zaidi ya miaka 150 wakaona wastani umekuwa ukishuka pole pole. Kwa hiyo mzima mwenye 36.5 msimtie hofu.

*

Nimeangusha kipimajoto cha kioo cha marehemu mama, zebaki imetawanyika chini ya kitanda kama shanga. Nifagie?
Msomaji, Shela

Usifagie, ufagio utaikatakata na kuisambaza. Toa watoto, fungua madirisha, vua pete na bangili zako kabla ya kuinama, kwa sababu zebaki ikigusa dhahabu huing'ang'ania na kuiharibu. Ikusanye kwa karatasi ngumu mbili, vitone vidogo uvinase kwa selotepu, vyote vitie kwenye chupa yenye kifuniko uipeleke hospitali. Usiimwage chooni wala baharini. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, samaki wakaila, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa na ulemavu. Sisi nasi ni watu wa samaki. Mkataba uliopewa jina la mji huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto vya namna hiyo na kuviuza nchi za nje, kwa hiyo ukinunua kingine, chukua cha betri.

*

Bi Nesi, nisaidie. Mwanangu ana miaka 16, kidato cha pili. Tangu mfungo sita hashuki chumba cha juu. Alikuwa haishi kuogelea gatini na wenzake, sasa hata mpira haendi. Analala mchana, usiku namsikia anatembea. Chakula anakidonoa. Nikimuuliza anasema kichwa chake chamoto. Nampima kila siku: 36.6, 36.8, 36.5. Malaria amepimwa mara mbili, hana. Taifodi hana. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Bibi yake anasema ameingiliwa na jini, tumemfanyia kombe, yale maji ya aya za Kurani. Nimpime nini tena?
Mama, Mkomani

Shoga yangu, barua yako nimeisoma usiku nikaamka nayo. Kipimajoto chako kimekwambia kweli, nawe kweli hiyo imekutia hofu zaidi, kwa sababu mtoto unamwona anaungua. Anaungua. Ila moto wenyewe haupimwi kwapani.

Maneno ya mwanao nimeyasikia miaka mingi vyumbani mwa wagonjwa. Kichwa chamoto. Moyo mzito. Mawazo yananizunguka. Watu wetu hawasemi "nina sonona", ule ugonjwa wa huzuni nzito, wanasema hivyo. Kule Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na matabibu wao wamejifunza kulisikia kama dalili. Na kuna jambo la ajabu nililolisoma. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya watu wazima zaidi ya 20,000 kutoka nchi 106, waliovaa pete zinazopima joto. Waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona walikuwa na joto la mwili lililo juu kidogo. Ni kidogo mno, kipimajoto chako hakitaliona, wala haijajulikana kipi kinaleta kipi. Sikupi kama kipimo. Nakupa ili umsadiki mtoto anaposema kichwa chamoto.

Kipimo chake ni maswali. Iko hojaji ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, ilichapishwa mwaka 2001, na imeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Inauliza habari za wiki mbili zilizopita: ni siku ngapi umekosa raha ya kufanya mambo? Siku ngapi umejiona mnyonge, umekosa usingizi au umelala kupita kiasi, umechoka, umekosa hamu ya kula, umejiona hufai, umeshindwa kutuliza akili? Kila jibu lina alama, sifuri hadi tatu, na jumla ikifika 10 mtu anahitaji kuonwa na tabibu. Ulivyoniandikia wewe, nahesabu angalau manne kati ya tisa, nawe hata hukujua unanijazia fomu.

Swali la tisa ni la kifo. Hilo ndilo wazazi hulikimbia, wakidhani ukilitaja unampa mtoto wazo. Halimpi. Utafiti umelifuatilia jambo hili na haukuona kwamba kuuliza kunampandikizia mtu hamu ya kufa. Wengi wanapumua kwa kuulizwa. Muulize hivi, kwa sauti yako ya kila siku: "Mwanangu, kuna wakati unaona bora usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Akisema ndiyo, usilie mbele yake wala usimsomee habari za dhambi saa hiyo. Mshukuru kwa kukwambia. Usimwache peke yake, funga dawa zote za nyumbani na ya panya pia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wala msiogope polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2025 kwamba kinapingana na Katiba.

Na pahali pa kumuulizia. Usimuulize ukumbini bibi yake akisikiliza, wala usipande kwake na kusimama mlangoni. Mwambie akusindikize. Nendeni ufukweni jua likipoa, mtembee bega kwa bega, yeye anaangalia bahari nawe unaangalia bahari. Mimi naamini kijana wa umri ule akitazamwa usoni hujifunga kama chaza. Akinyamaza, nyamaza naye. Nendeni tena kesho.

Kombe na dua sina neno nazo, mimi mwenyewe ni mtu wa dua. Ziendeleeni, na hospitali iendelee. Mwambie bibi kwamba aliyeteremsha ugonjwa kateremsha na dawa yake, naye atakuelewa kuliko angenielewa mimi.

Baba yake nataka kumwambia mwenyewe. Ndugu yangu, mvivu huacha kazi akaenda kwenye raha. Huyu ameacha raha. Ameacha kuogelea gatini, ameacha mpira. Simu usimnyang'anye, kwa sasa huenda ndiyo kamba pekee inayomfunga na wenzake. Usiku iwekeni mbali naye kwa makubaliano, ili alale. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la wanafunzi 40 hao ni watano au sita. Hamko peke yenu, na wala hamkukosa malezi.

Ipo pia habari njema, ya humu humu Kenya. Mpango uitwao Shamiri uliwachukua vijana waliomaliza sekondari juzi juzi, ukawafundisha kwa muda mfupi, wakawa wanakaa na vikundi vya wanafunzi saa moja kwa wiki, wiki nne. Mazungumzo yalikuwa ya kukua, ya shukrani, ya yale anayoyathamini mtu. Jaribio la wanafunzi 413 lilichapishwa mwaka 2021: dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Waliofanya hayo ni kaka na dada wakubwa kidogo tu. Huyo mtoto hana binamu aliyemzidi miaka mitatu minne, wa kumpitia Ijumaa waende wakavue?

Lakini mpelekeni kwa tabibu kwanza, wiki hii. Mwandikie tabibu kwenye karatasi yale uliyoniandikia mimi, hasa lile la kutembea usiku.

*

Bi Nesi salaam aleikum. Nina miaka 15. Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja amepelekwa Mombasa, ana lukemia. Mwezi uliopita daktari wa wanyama alimpima paka wa nyumba jirani akasema ana virusi vya lukemia. Sasa mtaa mzima wanasema paka ndio waliomwambukiza. Baba amemtoa paka wetu, analia dirishani usiku. Na mama yake rafiki yangu hawamtembelei. Je, ni kweli? Na mimi nitapata?
Msichana, Langoni

Waaleikum salaam, mwanangu. Hapana. Si kweli, na hutapata. Umefanya vyema kuuliza, watu wazima wa mtaa wako hawakuuliza.

Jina limewachanganya. Lukemia ni saratani ya damu. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, kiwanda cha damu. Kwa rafiki yako chembe nyeupe zimeanza kuzaliana ovyo kabla ya kukomaa, zinajaza kiwanda, na zile nyekundu na za kugandisha damu zinakosa nafasi. Ndiyo maana huenda ulimwona amepauka, anachoka, anavuja damu ufizini, anapata alama za kijani ngozini bila kujigonga. Huanza na hitilafu kwenye jeni za chembe zake mwenyewe. Hukai dawati moja na mtu ukaipata.

Sasa virusi. Vipo, na hadithi yake ni ndefu. Mwaka 1908 huko Copenhagen madaktari wawili, Ellermann na Bang, walichuja damu ya kuku wenye lukemia mpaka isibaki chembe hata moja, wakawadunga kuku wazima, nao wakaugua. Miaka mingi hawakusikilizwa, watu wakisema kuku si mtu. Mwaka 1951 Ludwik Gross, huko New York, akaonyesha jambo hilo hilo kwa panya. Na mwaka 1964 huko Glasgow, William Jarrett, daktari wa wanyama, aliyekuwa ameshangazwa na nyumba moja yenye paka wengi na saratani nyingi, akakipata kirusi chao. Ndicho alichonacho paka wa jirani yenu.

Kirusi hicho hukaa kwenye mate. Paka hupeana kwa kurambana, kwa kuumana, kwa kula bakuli moja. Nje ya mwili wa paka hufa ndani ya saa chache. Tangu kijulikane, watu wamefuga paka wenye kirusi hicho wakalala nao kitandani, na hajapatikana mtu hata mmoja aliyeugua kwa hicho.

Sitakuficha kwamba binadamu naye ana kirusi chake cha lukemia. Kinaitwa HTLV-1, kilitangazwa mwaka 1980 na maabara ya Robert Gallo huko Marekani, na kabla yake, mwaka 1977, madaktari wa Japani walikuwa wameshaueleza ugonjwa wenyewe. Hupita kwa maziwa ya mama, kwa damu na kwa kujamiiana, hakipiti kwa paka. Wengi walio nacho hawaugui maisha yao yote, na wachache wanaougua lukemia huugua ukubwani, baada ya miaka mingi sana. Lukemia ya watoto kama ya rafiki yako ni nyingine kabisa. Aina inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa dawa za kemo muda mrefu, miaka miwili au zaidi, na wako watoto wengi wanaopona. Kwenye nchi zenye hospitali kamili, hupona takribani tisa katika kumi. Huku kwetu bado ni wachache kuliko hivyo, kwa sababu wanafika wamechelewa au nauli inakatika katikati ya matibabu. Hapo ndipo mtaa wako ungesaidia, badala ya kuwafukuza paka.

Mama yake nenda kamwone, nenda na mama yako. Msiende mikono mitupu, na msiulize maswali ya paka. Muulizeni nani anabaki na wadogo zake akienda Mombasa. Rafiki yako mrekodie sauti umtumie leo, umwambie mwalimu kafika wapi na nani kakaa mahali pake. Akirudi, kinga yake itakuwa chini kwa sababu ya dawa. Ziko siku ambazo mama yake atasema leo hapana, na siku hizo usimwendee ukiwa na mafua. Ukienda, nawa mikono kwa sabuni. Kinyesi cha paka yeye asikisafishe, na akikwaruzwa aambiwe daktari. Ana haki ya kuwaona paka, kwa mikono iliyonawiwa.

Baba yako mpe barua hii aisome mwenyewe. Akimaliza, mwombe mfungue mlango. Paka wenu mpimisheni akija tena yule daktari wa wanyama, na kama ni mzima muulizeni kuhusu chanjo, ipo. Bakuli lake liwe lake peke yake, mliweke ndani ya daka la ukutani, paka wa nje wasilifikie.